Nilipoitwa Amu nikatafuta ndoo

Sisi tuliolelewa Nakuru tunaujua mji kwa barabara zake pana. Mji wetu ulizaliwa na reli, na mnamo Desemba 1, 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Basi nilipofunga safari yangu ya kwanza kwenda Lamu katika miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilidhani naenda kuona mji kama mingine, ila wenye bahari.

Barabara ilikomea Mokowe, tukavuka kwa mashua. Gatini sikuona magari. Nilipokewa na punda, na vichochoro ambamo watu wawili wakikutana sharti mmoja ajibanze ukutani. Mzee aliyeketi barazani aliniona nikitangatanga na begi langu, akaniita: "Ndoo, mwanangu. Ndia ni hii."

Jamani! Mimi, msomi wa Kiswahili, nikaangaza macho kuitafuta ndoo. Nilidhani ataka nimtekee maji. Vijana waliokuwa karibu walicheka hadi wakashika mbavu.

Katika Kiamu, ndoo ni njoo, ndia ni njia, ndaa ni njaa, na mato ni macho. Hayo niliyasoma vitabuni, lakini sikio langu lilikuwa bado halijayasikia.

Mzee alinikaribisha kwake. Nilimuuliza mbona chumba ni kirefu na chembamba hivi. Akanyoosha kidole darini: boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ukutani palikuwa na zidaka, na mlangoni daka la kupokelea wageni. Kila nilichokiona kilikuwa na jina, na wenye majina hayo walikuwa hai.

Macho ya mgeni huona mengi, ila si yote. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier aliyekwisha kuipitia miji ya Mediterania, alilala Mombasa usiku mmoja mwaka wa 1331. Alitaja ndizi, ndimu, na wenyeji waliotembea miguu mitupu wakainawa kabla ya kuingia msikitini. Namna walivyozungumza hakutueleza.

Nami nilikuwa na deni zito zaidi. Kabla ya safari hiyo nilifundisha shule moja ya upili huku Bonde la Ufa. Mwanafunzi aliyetoka Lamu aliandika mato katika insha yake. Nikampigia wino mwekundu, kisha nikalisoma neno hilo mbele ya darasa. Wenzake wakamcheka. Pale gatini zamu ilikuwa yangu.

Ni kweli kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na lugha moja ya shule ina manufaa yake. Lakini Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka wa 1728, kwa lahaja za kaskazini, miaka 200 kamili kabla ya kikao hicho. Je, mtunzi wake naye tumpige wino mwekundu?

Walimu wenzangu, mtoto akiandika ndia, mwambieni kwamba mtihani wataka njia. Kisha liambieni darasa zima ndia ilikotoka. Atakayecheka, siku moja atafika Amu aitwe na mzee, naye aanze kutafuta ndoo.