Wingu Zuri na Upepo Unaoua

Wingu la kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kufundishia marubani halikuwa na weupe wala wekundu wa machweo. Lilikuwa kifuniko tu. Edwin Link, kijana wa Binghamton katika jimbo la New York, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda. Akachukua mivukuto ya vinanda akaiweka chini ya kijindege cha mbao kisicho na safari. Mwaka 1929 mashine ikawa tayari. Mwanafunzi akivuta usukani, mvukuto mmoja unajaa hewa, mwingine unanywea, kijindege kinainama. Ukishafunikwa juu huoni mbingu wala ardhi, ila mishale ya vipimo iliyo mbele yako. Hilo ndilo lilikuwa wingu. Giza.

Mwanzoni wakubwa hawakumjali. Mashine zake nyingine ziliishia kwenye viwanja vya burudani, watoto wakizipanda kwa senti. Kisha mwaka 1934 serikali ya Marekani ikalikabidhi jeshi kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Ilikuwa Februari, baridi na ukungu, na wengi wa marubani wale hawakuzoea kuruka bila kuona nje. Miezi haikupita mingi, zaidi ya watu kumi wakawa wamekufa. Ndipo jeshi lilipomkumbuka jamaa wa vinanda, likanunua mashine 6.

Basi, msomaji, shika jambo hilo moja tunapoendelea: simuleta haikununuliwa kwa sababu ilipendeza. Ilinunuliwa kwa sababu watu walikufa. Leo vijana wanaoruka na simuleta kwenye kompyuta zao hubishana usiku kucha programu gani ina mawingu bomba zaidi. Hakuna ubaya. Lakini nataka tuulize swali la kizamani: wingu likiitwa la kweli, ukweli wake uko wapi? Kwenye sura, au kwenye kile linachoifanyia ndege?

Mwaka 1985 una jibu, na jibu lenyewe ni chungu.

Mwezi wa Julai mwaka huo mabingwa wa picha za kompyuta walikutana San Francisco. Ken Perlin alieleza njia ya kuzalisha vurugu yenye mpangilio: namba za kubahatisha zilizolainishwa zikalandana na jirani zao, halafu tabaka pana linawekwa juu ya tabaka dogo, na dogo juu ya dogo zaidi. Kwa hesabu hiyo unapata mawe, moshi, mawimbi, na mawingu. Katika mkutano uleule Geoffrey Gardner, wa kampuni ya ndege ya Grumman, alionyesha namna ya kujenga mawingu kwa maumbo ya mayai yaliyopakwa rangi na kufifishwa kingoni. Hakuhesabu hata tone moja la maji. Alihesabu jicho la mtazamaji, na jicho likakubali.

Wiki moja baadaye, tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya Delta namba 191 ilikuwa inashuka kutua Dallas. Mbele yake palikuwa na wingu la mvua, na marubani waliuona umeme. Wingu lenyewe halikuwa kubwa la kutisha. Wakaingia. Kwanza upepo wa mbele ukaongezeka, ndege ikabebwa juu. Mara hewa ikaporomoka kutoka juu, na kabla hawajajiweka sawa upepo ukageuka ukawa wa nyuma, mabawa yakapoteza nguvu ya kuinua. Ndege ikagusa ardhi kabla ya kufika uwanjani, ikaigonga gari barabarani, ikaishia kwenye matangi ya maji. Watu 137 walikufa.

Mwenye kujua kisa cha hewa ile alikuwapo. Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa amelisema tangu ajali ya New York ya mwaka 1975 iliyoua watu 113. Alisema kuna hewa inayodondoka kutoka kwenye wingu la radi, ikifika chini inatawanyika pande zote. Chukua ndoo ya maji uimwage yote kwa mkupuo kwenye sakafu ya saruji, utaelewa. Fujita alikuwa ameona mfano wake akiwa kijana, alipokwenda Nagasaki baada ya bomu akaangalia miti ilivyosukumwa kuelekea nje. Wasomi wengi walimbishia. Utafiti wa mwaka 1982 karibu na Denver, kwa rada, ulimpa haki yake. Lakini haki ya msomi haifiki haraka kwenye usukani wa rubani.

Kilichoifikisha ni kile chombo cha kunakili mwenendo wa ndege kilichookolewa Dallas. Kutoka kwenye namba zake wataalamu walirudisha nyuma hesabu, wakaujua upepo ule ulivyopuliza hatua kwa hatua. Upepo huo wakautia ndani ya simuleta. Marubani wakaanza kukutana nao wakiwa wamekaa salama ndani ya jengo. Wakaanguka, wakaamka, wakajaribu tena. Mwaka 1988 mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa kanuni za kudai mafunzo hayo pamoja na vifaa vya kuonya. Ajali za namna hiyo zikapungua sana nchini humo. Kwa hiyo marubani wa baadaye walifundishwa na marehemu, na upepo waliofundishiwa haukuwa na sura hata kidogo.

Simuleta za nyumbani zilipita njia nyingine. Microsoft walipotoa ya kwanza mwaka 1982, kompyuta ilikuwa na uwezo mdogo mno, na mawingu yalikuwa tabaka tu: linaanzia futi ngapi, linaishia ngapi. Mwaka 2003 yakaja mawingu unayoweza kuyazunguka. Niniane Wang, mhandisi wa Microsoft, alieleza siri yake: kila wingu ni rundo la vipicha bapa vinavyomgeukia mtazamaji daima, na yaliyo mbali huunganishwa kuwa duara la picha 8 tu ili kompyuta isizidiwe. Ujanja mtupu, na ujanja mzuri! Ila vile vipicha havikuisukuma ndege. Mtikisiko ulikuwa hesabu yake pembeni.

Hapo ndipo programu za nyongeza kama Active Sky zilipopata kazi. Husoma taarifa ambazo viwanja vya ndege hutoa kwa kawaida kila saa au nusu saa, ziitwazo METAR, na kuzigeuza kuwa anga. Taarifa yenyewe ni bahili kuliko simu ya maandishi ya zamani. FEW018CB, basi. Maana yake: mawingu yamefunika sehemu 1 au 2 kati ya 8 za mbingu, kitako chake kiko futi 1,800, nayo ni ya radi. Yana umbo gani? Yamesimama upande upi? Yanakua au yanakufa? Taarifa imenyamaza. Programu inabidi itunge. Na ndege ikitoka eneo la kituo kimoja kwenda kingine, zamani upepo uliweza kuruka ghafla, kama redio inayobadilishwa stesheni.

Sasa tazama Ziwa Victoria. Usiku hewa ya nchi kavu hutelemka kuelekea majini, inakutana katikati, inapanda, na dhoruba kali zinazaliwa huko. Lakini vituo vya viwanja vikubwa viko kandokando: Entebbe, Kisumu, Mwanza. Ukisoma hivyo vitatu peke yake unaweza kuchora usiku mtulivu juu ya dhoruba inayonguruma. Tangu mwaka 2020 simuleta ya Microsoft huchukua utabiri wa kampuni ya Meteoblue ya Uswisi, unaoigawa anga nzima vijisanduku vyenye joto, unyevu na upepo wake, kwa hiyo hata katikati ya ziwa pana neno. Ni hatua kubwa. Hata hivyo utabiri nao hutegemea vipimo, na Afrika vituo vya kupimia ni vichache. Pasipopimwa, mashine inakisia, tena inakisia kwa picha nzuri ajabu.

Hicho ndicho kinachonitisha. Link alipomfunika mwanafunzi kwa mbao, alikiri wazi kwamba hakuna kinachoonekana. Wingu zuri la leo halikiri. Linakushawishi kwamba aliyelitengeneza anajua kilichomo ndani.

Sisi tunaoandika tuna ugonjwa uleule. Tunajua kulipamba wingu: jeusi kama chungu, zito kama mjamzito. Msomaji anapiga makofi, na hakuna kitu kilichosogea. Ukiniletea hadithi yako yenye dhoruba, mwenzangu, rangi yake tutaizungumza baadaye. Kwanza nitakuuliza upepo wake unamsukuma nani, na wewe ulijuaje.