Upendeleo wa Habari na Kuingia kwa Rais Mpya: Historia Itazamwapo kutoka Mtoni, 1958 hadi 1996

Rais mpya aingiapo madarakani, watu huuliza maswali mawili. La kwanza ni kama kura zilihesabiwa kwa haki. La pili ni kama habari ziligawanywa kwa haki kabla ya kura kupigwa. Swali la kwanza hujibiwa na tume na mahakama. La pili mara nyingi huachiwa vijiwe na mabaraza ya kahawa, kana kwamba si kazi ya mtaalamu. Katika makala haya nataka kulitazama swali hilo la pili kwa njia ya historia, na pia kwa njia ya lugha, kwa kuwa habari hutengenezwa kwa maneno, na wachunguzi wa maneno ni sisi.

Nimechagua kusimama Mtoni, kata ya wilaya ya Temeke iliyo kando ya barabara ya Kilwa, kusini ya mji wa Dar es Salaam. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, wilaya hiyo iliyaona mambo haya kwa karibu: Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao siku hizi waitwa Uwanja wa Uhuru, umo ndani yake, na hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Pili, mwaka 1996 Temeke ilitoa jawabu lake kuhusu upendeleo wa habari, na jawabu hilo lastahili kupimwa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Upendeleo latokana na kitenzi kupenda, kikaongezwa kiambishi cha kutendea kwa namna ya kurudufu, kikawa kupendelea. Katika mzizi huo hamna dalili yoyote ya uwongo. Baba ampendeleaye mtoto mmoja hawadanganyi wengine. Humpa huyo mnofu, na wengine mchuzi. Kiswahili, basi, kimekwisha kutenga mambo mawili ambayo wanasiasa huyachanganya kila siku. Uwongo ni kusema lisilokuwapo. Upendeleo ni kugawa visivyo sawa yale yaliyopo. Gazeti laweza kusema kweli tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na bado likawa la upendeleo. Aliyelaumiwa kwa upendeleo akijitetea kwa kusema, "Onyesheni uwongo wangu," hajajibu alichoulizwa. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yote yafuatayo.

Tuje sasa kwenye miaka ya 1950. Msafiri apitaye barabara ya Kilwa hufika mahali paitwapo Mtoni kwa Aziz Ali. Jina hilo ni la mzee Aziz Ali, ambaye mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Chama hicho kilizaliwa katika nchi ambayo sauti zake kubwa zilikuwa mikononi mwa wengine. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa gazeti la Serikali. Sisi watu wa lugha tuna deni kwalo, kwa sababu lilieneza Kiswahili Sanifu na kuwalea waandishi wengi. Lakini halikuwa mahali pa kuishitaki Serikali. Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930, lilikuwa la Kiingereza na lilisimama upande wa walowezi na wafanya biashara. Redio nayo, iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ilikuwa chombo cha Serikali.

Wanasiasa wa TANU hawakunung'unika tu, bali walianzisha vyombo vyao. Ndipo yakatoka Sauti ya TANU na Mwafrika, yote mwaka 1957. Serikali ikajibu kwa sheria. Mwaka 1958 wahariri wa Mwafrika walifungwa kwa kosa la uchochezi, na mwaka huo huo Julius Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri katika Sauti ya TANU. Mahakama ilimtia hatiani, ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Tukumbuke basi kwamba mtu aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi alikuwa yeye mwenyewe ameonja uchungu wa kusema katika gazeti dogo mbele ya Serikali yenye magazeti makubwa.

Uchaguzi wa Rais ulifanywa Novemba 1962. Wagombea walikuwa wawili: Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa African National Congress, chama alichokiunda mwaka 1958 baada ya kutofautiana na wenzake wa TANU. Nyerere alipata kura zaidi ya 1,100,000. Mtemvu alipata kura 21,000 na ziada. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, na Rais akaapishwa. Hapana mtu wa haki awezaye kusema kwamba magazeti ndiyo yaliyompa Nyerere ushindi huo, maana TANU ilikuwa imeenea hadi vijijini kabla haijawa na redio. Lakini ni kweli vile vile kwamba mizani ilikuwa imegeuka. TANU sasa ilikuwa na gazeti lake, Uhuru, tangu mwaka 1961, na Serikali yake ndiyo iliyoshika redio. Mlalamikaji wa mwaka 1958 alikuwa amekuwa mwenye nyumba.

Miaka iliyofuata ilitia nguvu hali hiyo. Mwaka 1965 shirika la utangazaji lilivunjwa, na redio ikawa idara ya Serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka huo huo katiba ilithibitisha mfumo wa chama kimoja. Februari 1970 Serikali ililitaifisha Standard. Rais alilitolea gazeti hilo mwongozo uliosema kwamba litakuwa la kijamaa, na kwamba litakuwa huru kukosoa. Mwaka 1972 liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la Kiingereza la TANU, likazaliwa Daily News. Mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, ambaye kabla ya hapo aliongoza The Nationalist na Uhuru, na ambaye mwaka 1976 alipewa kazi ya kuanzisha shirika la habari la Shihata. Mwaka 1976 pia ilitungwa Sheria ya Magazeti, iliyompa Waziri uwezo wa kulifunga gazeti. Sheria hiyo ilipita salama kutoka zama za chama kimoja hadi zama za vyama vingi, na haikuondolewa hadi ilipotungwa sheria nyingine ya vyombo vya habari mwaka 2016.

Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, baada ya kazi ya Tume ya Jaji Nyalali. Mwaka 1994 wakazi wa Dar es Salaam walianza kuona televisheni na kusikia redio za watu binafsi, na magazeti mapya yalikuwa yamejaa mitaani. Mwaka 1995 Mkapa alisimama kwa tiketi ya CCM. Mshindani wake mkubwa alikuwa Augustine Mrema, aliyetoka Serikalini mwaka huo huo na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Wengine walikuwa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP.

Hapo ugomvi wa zamani ukafufuka. Vyama vya upinzani vililalamika kwamba redio ya Serikali na magazeti ya Serikali yaliegemea CCM. Wana-CCM nao walilalamika kwamba baadhi ya magazeti ya watu binafsi yalimfanyia Mrema kampeni. Kila upande ulikuwa na la kuonyesha, lakini malalamiko hayo mawili hayakuwa na uzito mmoja. Gazeti la mtu binafsi hununuliwa kwa hiari, na asiyelipenda huliacha mezani kwa muuzaji. Redio ya Serikali iliendeshwa kwa kodi ya wote, akiwamo mkulima wa UDP na mvuvi wa CUF, na katika sehemu nyingi za nchi haikuwa na mwenzake. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, kama ilivyorekebishwa baadaye, iliwapa wagombea wa Urais haki ya kutumia redio ya Serikali wakati wa kampeni. Lakini dakika za mgombea ni jambo moja, na taarifa ya habari ni jambo jingine. Katika dakika zake mgombea hujisemea. Katika taarifa ya habari husemewa.

Hapa ndipo mwanaisimu ana la kuchangia. Natunga mifano miwili, si ya gazeti lolote: "Waziri alieleza kwamba daraja limekamilika." "Mgombea alidai kwamba daraja halijakamilika." Mwandishi wa sentensi hizi huenda hakudanganya, kwani wote wawili walisema walivyosema. Lakini kitenzi kueleza humpa msemaji sifa ya kujua. Kitenzi kudai, ambacho asili yake ni kutaka haki au deni, katika lugha ya magazeti kimepata maana ya kusema jambo lisilothibitika. Hivyo msomaji ameambiwa nani aaminiwe kabla hajalifikia daraja lenyewe.

Tutazame pia jina la upinzani. Latokana na kupinga, yaani kuweka kitu kinachozuia njia. Jamaa zake ni pingo na kipingamizi. Kiswahili kilikuwa na neno jingine tayari, ushindani, ambalo halimtukuzi wala halimdhalilishi mtu. Lakini tangu mwaka 1992, kabla ya uchaguzi mkuu wowote wa vyama vingi kufanywa, vyama vipya vilikwisha kuitwa vya upinzani, na CCM ikaitwa chama tawala. Mpiga kura alielezwa nani ni mtawala na nani ni mzuiaji hata kabla hajapewa karatasi ya kura. Naam, vyama hivyo vyenyewe vililipokea jina hilo na kulitumia. Hilo halipunguzi nguvu ya hoja, bali laonyesha jinsi istilahi ya mwenye nguvu inavyoingia hata kinywani mwa mshindani wake.

Kura zilipigwa tarehe 29 Oktoba 1995. Katika Dar es Salaam vifaa vilichelewa mno, na Tume ya Uchaguzi, chini ya Jaji Lewis Makame, ikafuta uchaguzi wa majimbo yote saba ya mji. Vyama vya upinzani vilikwenda Mahakama Kuu kutaka uchaguzi wote wa nchi ubatilishwe, havikufanikiwa. Kura zilirudiwa tarehe 19 Novemba, na vyama kadhaa vikasusia. Siku nne baadaye, tarehe 23 Novemba 1995, Mkapa aliapishwa kuwa Rais wa tatu, akiwa amepata asilimia 61.8 ya kura. Mrema alipata asilimia 27.8. Mhariri wa zamani wa magazeti ya chama na ya Serikali alikuwa sasa ndiye Rais, naye aliingia Ikulu huku ugomvi juu ya habari haujakwisha.

Kwa sababu ya kususia huko, hesabu ya Novemba 1995 haiwezi kutuonyesha sawasawa fikira za watu wa Temeke. Lakini mbunge wa CCM aliyepatikana siku hiyo alijiuzulu, na Oktoba 1996 ukafanywa uchaguzi mdogo. Mrema alisimama, akashinda. CCM ilikuwa madarakani, Rais alikwisha kukaa karibu mwaka mmoja, na redio ya Serikali ilikuwa ile ile iliyosikika Mtoni na Mtongani kila jioni. Walakini watu waliisikiliza, wakampigia kura waliyemtaka.

Wapo watakaosema kwamba jambo hilo lathibitisha kuwa upendeleo wa habari hauna madhara. Mimi sikubaliani nao. Temeke ni sehemu ya mji mkubwa. Mtu wa Mtoni aliposikia taarifa ya redio aliweza kununua gazeti la upande wa pili kabla ya daladala kuondoka, akapima moja kwa jingine. Mtu wa kijiji kilichofikiwa na sauti moja tu hakuwa na mizani hiyo. Linalothibitishwa na Temeke ni kwamba dawa ya upendeleo ni wingi wa sauti kuliko usafi wa moyo wa mtangazaji. Asiye na sauti ya pili hawezi hata kuugundua upendeleo, kwa maana upendeleo hujulikana kwa kulinganisha tu. Mtoto mmoja asiye na ndugu hajui kama amependelewa.

Mafunzo ya historia hii, kwa maoni yangu, ni mawili. La kwanza lawahusu wanasiasa. Waliolalamika mwaka 1958 walikuwa na haki, na waliolalamika mwaka 1995 walikuwa na haki. Lakini wale wa kwanza, walipopata nguvu, walikirithi chombo kile kile pamoja na desturi zake. Alalamikaye leo yampasa aseme leo, na kwa maandishi, atakifanyia nini chombo hicho siku atakapokishika. La pili latuhusu sisi wataalamu. Tunapoyatumia magazeti kama ushahidi wa historia, tusitosheke na kutafuta uwongo, ambao mara nyingi hatutauona. Tuhesabu vitenzi: nani alieleza na nani alidai. Tuyapime majina: nani mtawala na nani mpinzani. Kazi hiyo yahitaji subira na faharasa nzuri za magazeti ya Kiswahili tangu Mambo Leo hadi leo, na hapana watu wanaofaa zaidi kuianza kuliko wasomaji wa kurasa hizi.