Koti, kabuti, jaketi

Koti ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Wingi wake ni makoti. Hutaja vazi la mikono mirefu, lililo wazi mbele, linalovaliwa juu ya nguo nyingine. Kabuti ni koti zito na refu la kuzuia baridi. Jaketi ni fupi, aghalabu lenye zipu. Sweta hufumwa kwa uzi, na koti la mvua hushonwa kwa kitambaa kisichopitisha maji.

Miji ya Jinja na Mbale nchini Uganda huonyesha tofauti hizo vizuri. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wake ni wa joto. Kwa hiyo kabuti halina kazi kubwa mjini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za mwishoni mwa mwaka hudai koti la mvua jepesi. Mwendesha bodaboda ni tofauti: upepo wa alfajiri humlazimu kuvaa jaketi nene hata kiangazi.

Juu ya Mbale, hali hubadilika. Mlima Elgon, ambao Wagisu, wenyeji wa huko, huuita Masaba, hufika mita 4,321. Karibu na kilele usiku huwa na baridi kali, na hapo kabuti, au jaketi zito juu ya sweta, hufaa.

Lipo pia koti lisilohusu hali ya hewa: lile linalovaliwa juu ya kanzu katika sherehe za Uganda. Hilo ni la heshima, na huvaliwa hata juani.