Jina Lililotangulia Ushahidi: Lugha za Milima ya Togo

Hapana budi mtunga istilahi akumbuke kwamba jina huweza kuwa hukumu. Mfano tunaupata Afrika ya Magharibi, katika milima iliyo mpakani mwa Ghana na Togo, ambako husemwa lugha ndogo ndogo zipatazo 14, zikiwamo Siwu, Sekpele na Lelemi.

Wataalamu wa Kijerumani, ambao nchi yao iliitawala Togo tangu 1884 hadi 1914, waliziita "lugha za mabaki". Walikwisha kutambua kuwa lugha hizo zina ngeli za majina zenye viambishi awali, jambo lisilokuwamo katika Kiewe, jirani yao mkubwa. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa akiambiwa kuwa Mawu ni watu, Siwu ni lugha yao, na Kawu ni nchi yao. Lakini neno "mabaki" liliashiria masalio ya kitu kilichokwisha kupita. Hata hivyo lilidumu, na Bernd Heine alilitumia katika kitabu chake cha 1968. Mwaka 1988, Kropp Dakubu na Ford waliandika juu ya "lugha za Togo ya Kati"; siku hizi huitwa lugha za milima ya Ghana na Togo. Majina yamebadilika, na lugha zenyewe zingali zikisemwa.

Zilidumu bila ya msaada wa shule. Wamisionari wa Bremen, waliofika kwa Waewe mwaka 1847, walikiandika Kiewe na kukifanya lugha ya kanisa na ya darasa, hata milimani. Nchini Ghana, Kiewe ni miongoni mwa lugha zinazofundishwa shuleni kwa idhini ya serikali. Lugha za milimani hazimo. Kwa hiyo mtoto wa Kawu husema Siwu nyumbani, kisha hufundishwa kusoma kwa lugha nyingine.

Tunajifunza nini? Mwaka 2003 wataalamu wa UNESCO walipendekeza vigezo 9 vya kupimia uhai wa lugha. Idadi ya wasemaji ni kimojawapo tu. Cha kwanza ni wazazi kuwarithisha watoto lugha yao. Walionya pia kwamba kigezo kimoja peke yake hakitoshi.

Kwa maoni yetu, istilahi mbili zisichanganywe. "Uhai wa lugha" huuliza kama lugha inarithishwa na inatumika wapi. "Mahitaji ya kisomo" huuliza ni nani asiyejua kusoma, anataka kusoma nini, na kwa lugha ipi ataelewa upesi. Lugha yaweza kuwa hai kabisa na wasemaji wake wasiwe na kitabu hata kimoja cha kuanzia. Tena mtu aweza kusoma vizuri kwa lugha ya jirani na yake ikabaki bila maandishi. Afisa akiyachanganya maswali haya, atawanyima vitabu watu ambao lugha yao aliidhania inakufa, na kwa kuwanyima huko ataisaidia kufa.