Mfumo Endeshi na "Windo" la Fundi

Mteja aliyenunua kompyuta ya mtumba Kariakoo, moja ya zile zilizostaafishwa maofisini, hamwambii fundi kwamba anataka kuwekewa mfumo endeshi. Humwambia, "Fundi, nipigie windo." Fundi haulizi zaidi. Huchomeka flashi, huwasha mashine huku akibonyezabonyeza F12 kama ni Dell au F9 kama ni HP, na kazi inaanza.

Msemo huo haujakosea sarufi. Mswahili hupiga pasi, hupiga deki na hupiga simu, kwa nini asipige windo? Hata "windo" lenyewe limo katika kamusi, ila maana yake ni mnyama anayewindwa. La fundi ni Windows ya Microsoft iliyokatwa mkia, na hapo ndipo penye kasoro: jina la bidhaa moja limebeba aina nzima, kama dawa yoyote ya meno inavyoitwa kolgeti.

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayotangulia programu nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupanga mafaili kwenye diski, kupokea herufi kutoka kwenye kibodi na kuzipeleka kwenye printa. Windows ni mmojawapo tu. Linux, aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ni mwingine, na Android ya simu imejengwa juu ya kiini hichohicho cha Linux.

Istilahi yenyewe imeundwa vizuri. "Mfumo" limetokana na kitenzi fuma, kazi ya mfuma nguo. "Endeshi" limetoka kwenye enda, likapita endesha, likapokea -i mwishoni, njia ileile iliyotupa shirikishi na wezeshi. Wapo wanaopendelea "mfumo wa uendeshaji". Hilo nalo linaeleweka, lakini ni refu, tena shule na hospitali zina mifumo ya uendeshaji isiyohusiana na kompyuta hata kidogo. "Endeshi" linasema wazi kwamba kitu hiki ndicho kinachoendesha, na kwamba mashine ni kitu kingine.

Kwa mnunuzi wa kompyuta ya ofisi, tofauti hiyo ina bei. Chukua OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu. Chuma chake bado kigumu. Lakini Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Fundi mjanja anaweza kuipachika kwa nguvu, na mara nyingi itawaka, ila Microsoft haitoi dhamana kwamba masasisho yatafika. Anayejua neno "windo" tu ataambiwa mashine imekufa. Anayejua kwamba mifumo endeshi ni mingi ataomba Linux Mint, unaopatikana bure, unaoridhika na RAM ya GB 2 na diski ya GB 20, ingawa GB 4 na GB 100 ndizo zinazopendekezwa. Mint huja na LibreOffice, programu za kazi za ofisi, ndugu wa ile OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 na kupewa jina la Jambo OpenOffice.

Kuna na suala la leseni. Kwenye mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye, ufunguo wa leseni umehifadhiwa ndani ya ubao mama, hivyo mfumo uleule ukirudishwa hujitambua wenyewe mara upatapo intaneti. Za Windows 7 zilibandikwa stika ubavuni, na nyingi zimeshachakaa hadi tarakimu hazisomeki.

Kinachowashtua watu zaidi ni jina la mwajiri wa zamani. Diski imefutwa, Windows imewekwa upya, mashine imeunganishwa na intaneti, mara skrini inaitaja kampuni fulani na kudai baruapepe ya kazini. Kampuni iliisajili mashine kwenye seva za Microsoft na haikuifuta kabla ya kuiuza. Kufomati tena na tena hakusaidii, kwa sababu usajili huo haumo kwenye diski. Anayeweza kuuondoa kwa njia halali ni mwenye usajili au Microsoft.

Basi kabla ya kutoa pesa, mnunuzi amwambie muuzaji aiwashe mashine mbele yake, aiunganishe na intaneti, kisha amuulize: humu mna mfumo endeshi gani, leseni yake iko wapi, na usajili wa ofisi umeshafutwa?