Jaa, Suheli na Kilimia: Majina ya Nyota za Kiswahili Yakitazamwa kutoka Kyela



1.0 Utangulizi

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika bonde la Kyela, tulifundishwa kwamba msafiri aliyepotea usiku na aitafute Nyota ya Kaskazini, kwa kuwa nyota hiyo haiondoki mahali pake. Jioni moja nilimwomba mjomba wangu, aliyekuwa mvuvi wa usipa, anionyeshe. Alitazama upande wa Mlima Rungwe, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, miaka yote niko ziwani usiku. Nyota isiyoondoka sijaiona." Mwalimu wangu alipoelezwa hayo alijibu kwamba wazee hawakusoma. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mjomba alisema kweli, na kwamba kitabu chetu kilieleza anga la mahali pengine.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Majina ya nyota katika Kiswahili ni ushahidi wa kihistoria, lakini ushahidi huo hausomeki vyema mpaka tujue anga lilivyo mahali jina lilipozaliwa na mahali linapotumika.

2.0 Anga la Kyela

Kyela ipo takribani nyuzi 9 na nusu kusini mwa Ikweta. Kanuni ya falaki ni kwamba ncha ya mbingu huonekana juu ya upeo wa macho kwa kimo kilicho sawa na latitudo ya mtazamaji. Kwa hiyo, kwa mtu aliyesimama Itungi au Matema akilitazama ziwa kuelekea kusini, ncha ya kusini ya mbingu ipo nyuzi 9 na nusu juu ya maji. Ncha ya kaskazini imezama kwa kiasi hichohicho chini ya upeo, nyuma ya milima ya Rungwe na Uporoto. Nyota ya Kaskazini, ambayo leo ipo chini ya nyuzi 1 kutoka kwenye ncha hiyo, haichomozi Kyela usiku wowote wa mwaka. Wala katika ncha ya kusini hakuna nyota angavu ya kushika nafasi yake.

Isidhaniwe kwamba anga la Kyela ni pungufu. Mkazi wa London huiona Nyota ya Kaskazini usiku wote ikiwa kwenye kimo cha nyuzi 51 hivi, lakini Msalaba wa Kusini hauoni kamwe akiwa kwao. Mkazi wa Kyela, katika mzunguko wa mwaka, huona karibu mbingu yote. Asichokiona ni duara dogo tu linaloizunguka ncha ya kaskazini. Hata Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini, humwona akipita chini chini juu ya milima. Mandhari nayo ina sehemu yake: pale Matema, Milima ya Livingstone imeinuka ghafla upande wa mashariki, hivyo nyota huchelewa kuonekana kuliko zinavyoonekana mahali palipo wazi.

3.0 Jaa na Suheli

Kamusi za zamani za Kiswahili zina maneno mawili ambayo leo hayatumiki sana: jaa, kwa maana ya kaskazini, na suheli, kwa maana ya kusini. Yote mawili ni ya mabaharia na asili yake ni Kiarabu. Jaa ni jina la Nyota ya Kaskazini. Suheli ni nyota ya pili kwa mwangaza katika mbingu ya usiku, ile ambayo Wazungu huiita Canopus.

Tuyatazame maneno haya kutoka Muscat, palipo nyuzi 23 na nusu hivi kaskazini mwa Ikweta. Pale Jaa huonekana usiku kucha. Suheli hupanda nyuzi 14 tu, hubaki juu ya upeo kwa saa 7 hivi, na kuanzia kuchomoza hadi kutua haiuachi upande wa kusini. Ni alama nzuri ya dira. Kutoka Kyela, Suheli hupanda hadi nyuzi 47, zaidi ya nusu ya njia ya kufika utosini, na hukaa juu kwa saa zaidi ya 13. Bado ni nyota ya kusini, ila haielekezi kwa uhakika uleule. Jaa, kwa upande wake, ni neno lililobaki bila nyota yake.

Tatizo hili marubani wa Bahari ya Hindi walilifahamu. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyeandika katika karne ya 15, alirithi na kuendeleza elimu ya kupima kimo cha nyota kwa vidole na kwa kibao chenye kamba ya mafundo. Miongoni mwa tungo zake umo utenzi wa safari ya Sofala, uliochapishwa na mtaalamu wa Kirusi T. A. Shumovsky mwaka 1957. Katika safari ya kuelekea Kilwa na Sofala, Jaa huzama. Rubani hulazimika kupima nyota nyingine za kaskazini zipandazo juu zaidi, kama vile jozi iitwayo al-Farqadan.

Hapa ndipo Kilwa na Kyela zinapokutana. Kilwa ipo nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Tofauti yake na Kyela haifiki nyuzi 1. Katika karne ya 19 misafara ya Kilwa ilifika Ziwa Nyasa, na katika miaka ya 1880 wafanyabiashara Waswahili, akiwamo Mlozi, walikuwa wameweka makazi karibu na Karonga, kusini kidogo mwa Kyela. Mtu aliyetoka Kilwa akaenda magharibi hadi ziwani hakubadilisha anga lake. Nyota zilikuwa zilezile, kwenye kimo kilekile kwa karibu sana, ila zilichomoza dakika 22 hivi baadaye. Neno jaa lilikuwa limekwisha kupoteza nyota yake kabla ya kupanda kutoka pwani.

4.0 Kilimia

Kilimia kina historia nyingine. Muundo wake ni ki-lim-i-a: mzizi -lim- wa kulima pamoja na kinyambulishi cha kutendea. Kixhosa na Kizulu vina isilimela, Kitswana kina selemela, na vyote humaanisha kundi lilelile la nyota. Sauti /l/ ya kinyambulishi, iliyodondoka katika Kiswahili, imehifadhiwa kusini. Ulinganifu wa ngeli, mzizi, mnyambuliko na maana kwa pamoja hauwezi kuwa wa bahati. Jina hili ni urithi wa wakulima wa Kibantu, nalo lilisambaa kutoka kaskazini kwenda kusini, yaani kwa kuzikata latitudo.

Kwa hiyo anga lilibadilika njiani. Juu ya Muscat kundi hili hupita karibu na utosi; Kyela hufika nyuzi 56 upande wa kaskazini; katika nchi ya Waxhosa, nyuzi 34 hivi. Majira nayo yalibadilika. Methali ya pwani husema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia hupotea jioni kuelekea mwezi Mei, wakati wa masika, na huzuka alfajiri mwezi Juni. Kwa Waxhosa, kuzuka huko kwa Juni ndiko kulikofungua mwaka, na wanaume walihesabu kwa isilimela miaka tangu walipotahiriwa. Kyela, mvua ya mwezi Novemba huwadia Kilimia kikichomoza mashariki mara baada ya jua kutua. Jina ni moja na nyota ni zilezile, lakini kila nchi hulisoma jembe lake kwa saa tofauti ya usiku.

5.0 Hitimisho

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi zetu zisitosheke kuandika "aina ya nyota". Zieleze nyota ipi, huonekana wapi, na katika miezi gani. Pili, wanafunzi wa isimu waende kwa wavuvi na wakulima wazee, wasemaji wa Kinyakyusa, Kikisi, Kikinga na Kindali, wakusanye majina ya nyota wakiwa nje usiku pamoja na mzee anayeonyesha kwa kidole. Orodha ya maneno iliyojazwa ofisini mchana itamwuliza mzee wa Kyela jina la Nyota ya Kaskazini. Naye akikosa jibu, mtafiti ataandika kwamba lugha hiyo ina upungufu. Mimi nilisikia hukumu ya namna hiyo nikiwa mtoto, juu ya mtu aliyezijua nyota kuliko sisi sote darasani.