Mwalimu Asiyeona Nyuso

Vyuo vikuu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilisikia wengi wakisema kwamba sasa wahadhiri wataanza kujifunza kufundisha kwa mbali. Nilitabasamu. Chombo kilikuwa kipya, lakini uchungu wa kumfundisha mtu usiyemwona uso ni wa zamani, nami niliuonja kabla sijaota mvi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe madarasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Ndipo kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakakabidhiwa madarasa, wakawa wanafundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi waliowatembelea katani. Mwishoni walikuja vyuoni kwa majuma sita. Hadi katikati ya miaka ya 1980, walimu zaidi ya 35,000 walikuwa wamepatikana kwa njia hiyo.

Nilikuwa mkufunzi kijana, na mafungu ya majibu yao yaliniijia nisahihishe. Darasani mwanafunzi akipotea utamwona anakuna kichwa, nawe utarudi nyuma. Karatasi haikuni kichwa. Nilichoka, nikakasirika, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, hasira yote ikaishia kwenye kalamu nyekundu. Juu ya karatasi moja niliandika neno moja tu: "Hukusoma."

Mwenye karatasi alifika chuoni kwa yale majuma sita. Siku ya tatu alinifuata, akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akatoa karatasi ile pamoja na bahasha iliyoleta kitabu chake. Muhuri wa posta ya kwao ulionyesha kwamba kitabu kilifika wiki mbili baada ya yeye kutuma majibu. Masika ilikuwa imekata barabara. "Nilijibu kwa niliyoyasikia redioni, mwalimu," alisema. Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuweka alama yoyote, niliuliza: kitabu kilikufikia lini? Nadhani hiyo ndiyo mbinu pekee ya ufundishaji niliyowahi kuvumbua, na niliivumbua kwa aibu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994. Nami, mkuu wa shule mwenye watoto wa sekondari, nikajiandikisha. Sasa nikawa upande wa pili wa bahasha. Vikao vya ana kwa ana vilikuwa vichache, na humo niliona jinsi wahadhiri walivyokuwa na njaa ya nyuso. Mmoja alipitiliza saa nzima bila kujua. Alituambia kwamba alikotoka alizoea kusoma macho ya wanafunzi. Katika maandishi hubahatisha, kwa hiyo kila baada ya aya chache hujiuliza ni nani ameachwa nyuma, akaandika swali ambalo huyo angeuliza. Nilirudi nyumbani nikafungua maandishi yake. Maswali nilikuwa nimeyaruka yote, nikidhani ni mapambo.

Mwaka 2020 binti yangu, mhadhiri katika chuo kikuu cha nchi jirani, alilazimika kufundisha kwa kompyuta. "Baba, nazungumza na majina," alinipigia akilalamika. "Wamezima kamera, wamefunga maikrofoni. Nikiuliza swali, kimya. Nashindwa hata kujua kama nimechukia au nimehuzunika." Nilimsimulia habari ya bahasha. Kesho yake aliacha mada, akawataka waandike tu walipo na kinachowazuia kusema.

Kijana wa kwanza kujibu aliandika kwamba yuko nyuma ya duka la mjomba wake, maana mtandao unapatikana hapo tu, jirani na mashine ya kusaga. Maikrofoni aliifunga ili kelele zisimkere mwalimu.